Sura ya Saba: Mashine ya Kima, Kutu na Vijidudu

Katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, mashine ya kusagia nyama ni chombo cha majira. Hutolewa kabatini Ramadhani inapokaribia, wakati nyama ya kima ya sambusa, kababu na katlesi inahitajika kwa wingi. Huonekana tena sikukuu za Idi na siku za harusi, kisha hurudishwa ndani ikakaa miezi. Mwenye mashine anayejali hujiona ana wajibu wa namna mbili. Wa kwanza ni wa afya: aioshe asije akawalisha watu uchafu. Wa pili ni wa mali: aitunze isishike kutu wala isiwe butu, maana chuma kizuri kikitunzwa hurithishwa. Tatizo ni kwamba wajibu wa pili huahirishwa, na wa kwanza huhesabiwa umekwisha pale macho yanaposema chombo kimetakata. Hoja ya sura hii ni kwamba kuosha mashine ya nyama na kuitunza ni kazi moja. Maji yanayobaki kwenye maungio ndiyo yanayoleta kutu, na ndiyo hayo hayo yanayovipa vijidudu uhai. Ukano unaosokoteka nyuma ya kisu butu huozea hapo hapo. Anayefanya nusu ya kazi hafaidi hata hiyo nusu.

Tuitazame kwanza mashine yenyewe, ile ya mkono inayobanwa mezani kwa jiliwa lake. Mwili wake kwa kawaida ni chuma cha kusubu kilichopakwa bati, au aluminiamu kwa zile nyepesi. Juu kuna mdomo mpana wa kutilia vipande, na ndani hulala skrubu nene inayosukuma nyama mbele mkono unapozungushwa. Ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba, na hapo huvishwa kisu chenye makali manne yaliyokaa kama msalaba. Mbele ya kisu huwekwa sahani ya chuma yenye matundu, na vyote hubanwa na ringi kubwa yenye hesi. Namba iliyotiwa ubavuni, kama 5, 8, 10, 12, 22 au 32, ni ya ukubwa: sahani ya namba 8 ina upana wa milimita 62 hivi, ya namba 12 milimita 70, ya namba 22 milimita 82. Namba hiyo ndiyo utakayoitaja dukani siku unapotafuta kisu au sahani mpya. Kwa usafi, jambo la kushika ni kwamba kila sehemu mbili zinapokutana pana upenyo usioonekana mashine ikiwa imefungwa, na nyama husukumwa kwa nguvu kwenye penyo hizo zote. Nyuma ya kisu, kwenye hesi za ringi, ndani ya matundu ya sahani na kwenye tundu la nyuma linaloshika shina la skrubu hubaki mafuta, damu na nyuzi ambazo maji yanayomiminwa mdomoni hayazifikii.

Kwa nini mabaki hayo yatutie wasiwasi kuliko yale ya kwenye kisu cha jikoni au ubao wa kukatia? Sababu ni tendo lenyewe la kusaga. Nyama ya mnyama mwenye afya huwa na vijidudu vingi zaidi usoni, pale palipoguswa na ngozi, mikono, ndoano na meza ya buchani. Ndani ya msuli huwa vichache mno. Ukichoma kipande kizima, moto huanza na uso, penye hatari kubwa. Sasa chukua mchemraba wa nyama wenye upande wa sentimita 10, ambao ni karibu kilo moja. Uso wake wote ni sentimita za mraba 600. Ukiukata vipande vya nusu sentimita utapata vipande 8,000, na nyuso zao zikijumlishwa ni sentimita za mraba 12,000, yaani mara 20 ya mwanzo. Kusaga hufanya hivyo na zaidi, kwa sababu huchanganya cha nje na cha ndani, na nyama yote hupita ikisuguana na chuma. Hii ndiyo sababu idara ya kilimo ya Marekani hushauri nyama ya ng'ombe ya kipande ifike nyuzijoto 63 katikati kisha ipumzishwe dakika 3, ilhali ya kusaga inatakiwa kufika nyuzijoto 71.

Nchi hiyo iliujua ukweli huu kwa uchungu. Mapema mwaka 1993, hambaga zisizoiva sawasawa kutoka mikahawa ya Jack in the Box zilisababisha ugonjwa kwa watu zaidi ya 700 katika majimbo manne ya magharibi, na watoto wanne wakafariki. Chanzo kilikuwa bakteria anayeitwa E. coli O157:H7, ambaye alikuwa tayari ndani ya nyama iliyosagwa kabla haijafika kwenye mikahawa hiyo. Mwaka 1994 serikali ilitangaza kwamba nyama mbichi ya ng'ombe ya kusaga yenye bakteria huyo imeharibika kisheria na haifai kuuzwa. Kipande kizima chenye bakteria huyo huyo usoni hakikuwekwa katika hukumu hiyo. Mkasa ule haukuanzia kwenye mashine ya nyumbani, lakini unaithibitisha kanuni inayotawala kila mashine, kubwa kwa ndogo: kilichogusa uso wa nyama kabla ya kusagwa huwa ndani yake baada ya kusagwa. Na kuta za mashine, kisu chake na matundu yake ni miongoni mwa vitu vinavyougusa uso huo. Mabaki ya juzi hayabaki pembeni; hukandwa ndani ya nyama ya leo.

Kiasi cha hatari hutegemea muda. E. coli akipata unyevu, chakula na joto kama la mwili wa binadamu huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa kasi hiyo mmoja huwa zaidi ya milioni 2 ndani ya saa 7. Jikoni mwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam hakuna joto la maabara, kwa hiyo kasi hupungua, lakini hewa ya joto na unyevunyevu inayokaa huko usiku kucha inatosha kabisa kuugeuza utando mwembamba wa damu kuwa shamba. Tena bakteria wengi wakiachwa kwa siku kadhaa hujigandisha kwenye chuma na kujifunika ute ambao sabuni na dawa huupenya kwa shida, na hauondoki mpaka usuguliwe. Kwa hiyo mashine iliyooshwa ndani ya nusu saa baada ya kazi huhitaji jasho kidogo, na ile iliyoachwa hadi asubuhi huhitaji kupiganwa nayo. Ukishindwa kuosha saa ile ile kwa sababu futari inangoja, angalau ifungue yote, ipanguse, na utie sehemu za chuma kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwa muda mfupi. Kuziloweka usiku kucha ni kuziozesha kwa njia nyingine.

Hapa huja pingamizi lenye nguvu: nyama ya kima hupikwa, na moto huua kila kitu, basi hofu ya nini? Kwa sambusa pingamizi hili lina uzito, kwani kima huivishwa kwenye sufuria kabla ya kufungwa kwenye manda. Lakini kababu na katlesi nyingi hufinyangwa mbichi na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na rangi nzuri ya nje hutangulia sana kuiva kwa katikati. Zaidi ya hayo, moto haufuti kila kitu. Bakteria Staphylococcus aureus, ambaye hukaa puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya, huweza kuacha kwenye chakula sumu inayostahimili kuchemshwa. Bakteria mwenyewe hufa na sumu yake ikabaki. Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi: mashine haipikwi. Mikono inayoifunga, kitambaa kinachoipangusa na meza inapobanwa ndizo zinazokutana na kachumbari, ukwaju na matunda yaliyokatwa, vitu ambavyo havitaona moto hata kidogo kabla ya kufika mezani. Moto hulinda sufuria, lakini jiko zima hulindwa na usafi wa chombo.

Sasa tutazame upande wa chuma, tuone jinsi unavyofuata njia ile ile. Bati lililopakwa mashine ya kusubu ni utando mwembamba unaozuia chuma kukutana na maji na hewa. Utando huo huchakaa kwanza pale penye msuguano: kwenye hesi, kwenye kingo za skrubu na ndani ya shingo inayoshika sahani. Kisu na sahani mara nyingi ni chuma kigumu kisicho na bati lolote, kwa sababu lazima vinolewe. Hayo ni maeneo yale yale ambamo mabaki hujificha. Mabaki hushika maji na chumvi kama dodoki, na chumvi huharakisha kutu. Hewa ya bahari nayo hubeba chumvi yake, ndiyo maana chuma cha Unguja au Lamu huliwa upesi kuliko cha Dodoma. Kutu ikishaanza, uso wa chuma huwa na vishimo vidogo vidogo. Kila kishimo ni makao mapya ya mafuta na vijidudu, na brashi haiwezi kukifikia. Uchafu huleta kutu, na kutu huhifadhi uchafu. Mzunguko huo hauwezi kukatwa kwa kuosha peke yake bila kukausha, wala kwa kupaka mafuta juu ya chombo ambacho hakikuoshwa vizuri.

Makali ya kisu nayo huonekana kama suala la urahisi wa kazi tu, ilhali yamo katika hoja hii hii. Kisu kikali kikiwa kimelala sawasawa kwenye sahani hukata kila unyuzi unaoletwa na skrubu. Kisu butu, au kilichovishwa kinyume, huponda. Dalili zake ni rahisi kuzitambua: nyama hutoka laini na yenye kunata kama uji mzito badala ya nyuzi zilizosimama, maji ya damu hurudi nyuma kuelekea mdomoni, mkono huwa mzito, na ukifungua unakuta kano zimejisokota nyuma ya sahani. Kano hizo ndizo mabaki magumu kuliko yote kuondoa. Kwa hiyo kabla ya kusaga, toa kano na ngozi nyeupe, kata nyama vipande virefu vyembamba, iweke kwenye friji mpaka ishike ubaridi mkali, na uhakikishe upande wa kisu ulio bapa ndio unaotazama sahani. Kaza ringi kwa mkono tu, maana ikizidi kisu hula sahani, na ikilegea nyama hupenya katikati yao. Usizungushe mashine tupu kwa muda mrefu. Chuma kikisuguana na chuma bila nyama hutoa weusi unaoishia kwenye chakula. Kisu na sahani vilivyofanya kazi pamoja huchakaa kwa kufuatana, hivyo ukiwa na sahani mbili ni vizuri kila moja iwe na kisu chake. Kuvinoa si lazima kupeleka kwa fundi: tandaza msasa laini wa maji juu ya kioo kilichonyooka, loweka kwa maji, kisha usugue upande bapa wa kisu na uso wa sahani kwa kuzungusha mpaka mikwaruzo yote iwe sawa. Baada ya hapo vioshwe upya, kwa kuwa unga wa msasa haufai kuliwa.

Katika kuosha kwenyewe, joto la maji ndilo linalokosewa zaidi, na kosa hilo hutokana na nia njema. Wengi humimina maji ya moto sana tangu mwanzo. Protini za nyama huanza kuganda joto linapokaribia nyuzijoto 50, na zikigandia chuma hushika kama ute wa yai kwenye kikaango. Wengine hutumia maji ya baridi, na hapo tatizo huwa mafuta: ya ng'ombe huyeyuka kati ya nyuzijoto 40 na 50 hivi, kwa hiyo maji ya bomba huyafanya magumu na kuyapaka upya kila mahali. Njia ya kutoka ni kufuata utaratibu. Kwanza ondoa kwa mkono: fungua kila kitu, toa kano, zibua matundu ya sahani moja moja kwa kijiti cha meno, pangusa mafuta kwa karatasi au kipande cha mkate. Pili, suuza damu kwa maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida. Tatu, osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ukitumia brashi ya chupa kwa shingo na mswaki wa zamani kwa hesi. Usitumie waya wa kusugulia sufuria juu ya bati, kwa sababu kila mkwaruzo ni mlango wa kutu. Utaratibu huu unafaa hata kwa nyumba zinazonunua maji kwa madumu, maana kazi kubwa hufanyika kabla maji hayajaguswa, na mabeseni mawili yanatosha.

Baada ya sabuni ndipo zamu ya kuua vijidudu vilivyobaki, na hapa ndipo umoja wa kazi unapoonekana wazi kabisa. Watu wengi hukimbilia jiki. Klorini huua vijidudu kweli, lakini hula chuma na aluminiamu, na kwenye mashine ya kusubu hubaki ndani ya hesi na kuendelea kula. Maji yanayochemka hufanya kazi hiyo bila deni. Kanuni za migahawa ya Marekani hukubali vyombo vizamishwe sekunde 30 kwenye maji ya nyuzijoto 77. Maji yaliyotoka kuchemka, yakimiminwa kwa wingi juu ya sehemu zilizokwisha kuoshwa au sehemu hizo zikizamishwa kwa dakika moja, huzidi kipimo hicho. Chuma kilichopashwa hivyo pia hujikausha chenyewe: kikitolewa kikiwa cha moto, maji huruka kwenye penyo ambazo kitambaa hakifiki. Hatua moja imeua vijidudu na imezuia kutu. Malizia kwa kitambaa kikavu, anika juani au karibu na jiko lenye joto kwa muda, kisha upake utando mwembamba wa mafuta kwenye kisu, sahani na hesi. Mafuta ya kupikia yanafaa kwa mashine inayotumika kila wiki, lakini kwa ile itakayolala miezi huwa ya kunata na hunuka. Kwa hiyo afadhali mafuta meupe yasiyo na harufu yanayouzwa duka la dawa kwa jina la parafini ya maji. Yasichanganywe kamwe na mafuta ya taa, ambayo baadhi ya watu huyaita parafini vilevile na ambayo ni sumu. Hifadhi sehemu zikiwa zimefunguliwa, kila moja imefungwa kitambaa, maana ringi iliyokazwa huufungia unyevu ndani.

Wapo wanaosema hatua zote hizi hazihitajiki, kwa kuwa kusaga vipande vya mkate mkavu mwishoni husafisha mashine. Mkate hufanya jambo moja jema: husukuma nyama iliyobaki kwenye skrubu na kunyonya sehemu ya mafuta, kwa hiyo kuosha huwa kwepesi. Lakini hauui kijidudu hata kimoja, na hupita njia ile ile ya nyama bila kuingia kwenye hesi wala nyuma ya shina. Wenye mashine za kuosha vyombo nao huona njia fupi. Sabuni kali za mashine hizo hung'oa bati na kuifanya aluminiamu kuwa ya kijivu inayoacha weusi mkononi, kwa hiyo zinafaa tu kwa sehemu za chuma kisichoshika kutu, endapo mtengenezaji ameruhusu. Mashine za umeme hufuata kanuni hizi zote kwa vichwa vyake vya kusagia, kwa sharti kwamba waya uchomolewe kwanza na sehemu yenye mota ipanguswe tu, isizamishwe majini.

Pingamizi la mwisho ni la uzoefu: wazee walisaga nyama miaka mingi bila taabu hizi na watu walikula. Hoja hii inastahili heshima, na jibu lake limo katika namna walivyosaga. Nyama ilikuwa ya mnyama aliyechinjwa siku hiyo, ikasagwa na kupikwa ndani ya saa chache, ikaliwa ikaisha. Leo tunasaga kilo kadhaa kabla ya mwezi wa mfungo, tunagawa kwenye mifuko, tunagandisha, tunayeyusha, tunakula kwa wiki. Barafu husimamisha vijidudu, haiviui vyote, kwa hiyo kosa la siku moja kwenye mashine husafiri mwezi mzima. Na maradhi ya tumbo ya nyumbani ni nadra kufuatiliwa mpaka kwenye chanzo chake, hivyo ukimya wa zamani si ushahidi wa usalama. Wengine huona ni bora kusagiwa buchani. Ni chaguo halali, lakini mashine ya pale imepitisha nyama za wateja waliotangulia, na mteja hana nafasi ya kuifungua. Faida kubwa ya mashine ya nyumbani ni kwamba unaweza kuifungua. Usipoifungua, umebeba uzito wa chuma na umeiacha faida yake.

Kipimo cha kazi iliyokamilika basi hakiwezi kuwa mng'ao wa nje. Kabla ya kusaga tena, chukua kitambaa cheupe, upitishe kwenye hesi za ringi, ndani ya shingo na kwenye tundu la shina. Kikitoka na wekundu wa kutu, ulikausha vibaya. Kikitoka na weusi wa mafuta ya zamani au harufu, uliosha vibaya. Na mara nyingi utaona vyote viwili mahali pamoja. Kikitoka safi, osha mafuta ya hifadhi kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe, kisha uanze kazi. Mashine ya kusubu inayopita kipimo hiki kila mara itawafikia wajukuu, na nyama inayotoka ndani yake inaweza kulishwa mtoto, mgonjwa na mgeni bila shaka moyoni.